Sumaku Haina Uchawi: Tuache Kudesa Vitendanishi

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa, na wengine mlishaanza kuulizana kama nimedisko. Hapana, bado nipo nipo. Mitihani imeisha, niko likizo nyumbani Amani, na hapa ninapoandika nimekaa juu ya jiwe kando ya shamba la chai kwa sababu ndipo simu inaposhika mtandao. Ukungu umeshuka hadi miguuni. Na kabla hujauliza: Amani si Lushoto. Lushoto iko Usambara Magharibi, sisi tuko Mashariki, wilaya ya Muheza. Kila mwaka naeleza jambo hili na kila mwaka mnasahau.

Leo sina picha wala vichekesho. Nina jambo limenikaa kooni tangu tufunge chuo, na nikilinyamazia nitakuwa mnafiki, maana na mimi nimo.

Mnamkumbuka rafiki yangu yule tunayemwita Mzee wa Kuku? Yule ambaye utafiti wake wote ni mdondo, ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima ndani ya wiki. Alitaka kuzima jeni moja ndani ya seli za kuku alizozikuza maabara, kisha aone kama kirusi cha mdondo kitapata shida kuzaliana humo. Swali zuri, tena la kwetu kabisa. Ili kuzima jeni hiyo alihitaji kuingiza vipande vifupi vya RNA, vile vinavyoitwa siRNA, ndani ya seli. Akaja kuniuliza atumie nini. Na mimi, mjuaji wa kijiwe, nilikuwa nimetoka kusoma makala moja ya watu wa nje yenye picha nzuri za seli zinazong'aa kijani. Nikamwambia bila kupepesa macho: "Nunua vya sumaku bwana, hivyo ndo mwisho wa matatizo."

Tukachangishana. Wengine tulikata kwenye bumu. Kichupa kikaja, kidogo kuliko kidole gumba, na bei yake nikiitaja hapa bibi yangu atanifukuza nyumbani. Miezi mitatu baadaye Mzee wa Kuku hana kichupa, hana matokeo, na ameambiwa abadilishe mada au asubiri mwaka mwingine. Alinipigia juzi. Hakunilaumu, na hilo ndilo limeniuma zaidi.

Kwa hiyo leo nagombana na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni sisi tunaochagua vitendanishi vya sumaku kwa kudesa: makala imesema, wenzetu wanatumia, basi na sisi tununue. Wa pili ni wale wanaosema, "Mnaona? Hayo mambo ya wazungu, sisi tubaki na chandarua na jembe." Wote mmekosea, na nitawaambia kwa nini.

Kwanza, kwa wale wa sheria na biashara msiojua tunaongea nini. DNA na RNA zina chaji hasi. Ngozi ya seli kwa nje nayo ni hasi. Vitu viwili hasi havipendani, kwa hiyo ukimwaga DNA tupu juu ya seli unapoteza muda wako. Dawa ya siku nyingi ni kuifunga DNA kwa kitu chenye chaji chanya: mafuta maalumu, au polima kama polietilenimini, ambayo watu wa maabara huiita PEI. Kifurushi hicho kinaelea, kinashuka taratibu, na baada ya saa kadhaa baadhi hugusa seli na kumezwa.

Mwaka 2002 Christian Plank na wenzake wa Munich, Ujerumani, wakachapisha mbinu ya kuharakisha safari hiyo. Walichukua chembe ndogo sana za oksidi ya chuma, ndugu yake kutu, wakazipaka polima ya chaji chanya, wakazifunga pamoja na DNA, kisha wakaweka sumaku chini ya sahani ya seli. Chembe zikavutwa chini zikatua juu ya seli kwa dakika badala ya saa. Siku hizi maelekezo mengi yanakwambia uiache sahani juu ya sumaku dakika 15 hadi 20 tu. Chembe zenyewe zina tabia nzuri: ukiondoa sumaku, usumaku wao unaisha, kwa hiyo hazibaki zikivutana zenyewe kwa zenyewe.

Ni mbinu safi, sibishi. Dozi ndogo ya DNA inaweza kutosha, na seli hazikai muda mrefu na sumu ya kitendanishi. Tatizo ni sisi kuipa kazi ambayo haikuomba.

Sumaku haiingizi kitu ndani ya seli. Narudia, maana hapa ndipo nilipompoteza rafiki yangu. Sumaku ni daladala inayokushusha kituoni. Kutoka kituoni hadi sebuleni unatembea mwenyewe. Watu wa Munich wenyewe walifuatilia wakaona kwamba kifurushi kikishafika juu ya seli, kinamezwa kwa njia ile ile ya kawaida, ndani ya kifuko. Lazima kitoroke kwenye kifuko hicho kabla hakijasagwa. Kama mzigo ni plasmidi, lazima uende mbele zaidi hadi ndani ya kiini, na mlango huo hupitika kirahisi zaidi seli inapogawanyika. Kama mzigo ni siRNA au mRNA, kazi yake inafanyika nje ya kiini, kwa hiyo safari ni fupi. Sasa niambie, unawezaje kuchagua gari bila kujua abiria anashukia wapi?

Ndiyo maana swali la kwanza la kuchagua ni hili: MZIGO WAKO NI NINI? Watengenezaji wenyewe wametenganisha. Kampuni ya OZ Biosciences ya Marseille, kwa mfano, ina PolyMag kwa ajili ya plasmidi, SilenceMag kwa ajili ya siRNA, NeuroMag kwa seli za neva, ViroMag kwa anayetaka kusukuma virusi, na CombiMag ambayo haibebi DNA peke yake bali unaichanganya na kitendanishi ulichonacho tayari, kiwe cha mafuta au PEI. Simtangazii mtu biashara. Nataka uone kwamba "cha sumaku" si jina la kitu kimoja. Sisi tulinunua cha plasmidi wakati Mzee wa Kuku alikuwa na siRNA. Picha za kijani nilizozipenda zilikuwa za plasmidi. Nilidesa jibu la mtihani mwingine.

Swali la pili: SELI ZAKO NI ZIPI? Makala ile ilitumia HEK 293, seli za figo ya binadamu zilizozoea maabara miaka mingi, ambazo hupokea karibu kila unachozipa. Kuwasifia wafanyakazi wa HEK 293 kwa kuingiza DNA ni kama kumsifia mtu kwa kumshawishi mlevi anywe. Tena kwa seli hizo PEI ya kawaida, ya bei ya chini kabisa, bila sumaku yoyote, mara nyingi inatosha. Kama inakutosha, usinunue sumaku! Mzee wa Kuku alikuwa na faibroblasti zilizotolewa kwenye kiinitete cha kuku, seli changa zisizo na uzoefu, zinazokasirika upesi. Kwa seli ngumu namna hiyo sumaku inaweza kuwa na faida, lakini kipimo cha HEK si kipimo chake. Na kama seli zako zinaelea badala ya kushika sakafu, kuna la ziada: sumaku inavuta vifurushi chini wakati seli ziko juu zinapunga hewa. Lazima kwanza uzilaze chini, kwa mashine ya kuzungusha au kwa kupaka sakafu kitu cha kunatia.

Swali la tatu, ambalo halimo kwenye makala yoyote ya picha nzuri: KITALALA WAPI? Soma karatasi iliyokuja na kichupa. Ipo mimina ya chembe inayotakiwa kukaa kwenye ubaridi wa friji na isigandishwe kamwe, kwa sababu barafu ikijiumba huzisukuma chembe pamoja zikashikamana, na zikishashikamana huzirudishi. Kwetu umeme ulikatika Ijumaa, friji ikajaa sampuli za watu, na mtu mwenye nia njema kabisa akakihamishia kichupa kwenye friza "kisiharibike". Jumatatu kilikuwa tope. Tulikitikisa, tukakipa moyo, tukaendelea kukitumia. Chini ya darubini seli zilikuwa na punje nyeusi kama zimenyunyiziwa pilipili manga. Chembe moja moja huwezi kuiona kwa darubini ya kawaida, ni ndogo mno. Ukiona pilipili manga, jua zimeshikamana. Mimi nilimwambia, "Hiyo ni dalili nzuri, zimefika." Mungu anisamehe.

Halafu tukafanya la kukata tamaa: dozi mara mbili. Seli zikajikunja, zikang'oka, zikafa. Kulikuwa na mtu akafurahi eti jeni imezimwa. Ndugu yangu, seli iliyokufa imezima jeni zote! Kifo si matokeo.

Na sumaku yenyewe? Hapa nacheka ili nisilie. Sahani maalumu ya sumaku ilikuwa ghali, nikasema mimi nitaleta. Nilipokuwa mtoto hapa Amani tulikuwa tunang'oa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, tunaifunga kamba na kuiburuza kwenye vumbi la barabara, inarudi na ndevu nyeusi za mchanga wa chuma. Nikaona sumaku ni sumaku. Nikaenda kwa fundi redio, nikaipata, duara safi. Baada ya dakika 20 chembe zote zilikuwa zimejipanga kwa duara kufuata ukingo wa sumaku, na katikati ya kisima hakuna kitu. Fizikia ya sekondari ilishatuambia: chembe huvutwa kuelekea pale nguvu ya uga inapobadilika haraka zaidi, yaani kwenye kingo, na mvuto wenyewe hupungua upesi kadiri unavyokwenda mbali, hata kwa unene wa sakafu ya sahani. Ndiyo maana sahani za kazi hii hutumia sumaku kali za neodimi, zilizopangwa zilingane na visima. Nikikumbuka zile ndevu za mchanga utotoni, nazo zilikuwa ukingoni tu. Niliona kwa macho miaka 15 iliyopita na sikujifunza.

Sasa nigeuke kwa kundi la pili, mnaosema haya yote ni anasa. Njooni Amani niwatembeze.

Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti hapa mwaka 1902, na bustani ya mimea ambayo mpaka leo ipo. Walipanda vitu kutoka kila pembe ya tropiki. Vingine vilikubali. Mikwinini ilikubali, na Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari walitengeneza kwinini ya malaria kwa magome ya hapa hapa. Vingine vilikuwa balaa. Kuna mti unaitwa Maesopsis, Waganda wanauita musizi. Kwao ni mti wa heshima. Ulipoletwa hapa ukapenda mno, ukaingia kwenye msitu na leo wahifadhi wanahangaika nao. Mti haukuwa mbaya. Aliyeuleta aliangalia ulivyokuwa kule, hakuuliza utakavyokuwa hapa. Mnaona naelekea wapi?

Miaka ya 1930, wakati wa Waingereza, Storey na Nichols walikaa kwenye vilima hivi wakipambana na virusi vya muhogo: batobato, na michirizi kahawia ambayo Storey aliitambulisha kwa sayansi mwaka 1936. Hawakuwa na sumaku wala siRNA. Waliuliza maswali yale yale matatu: nataka kuingiza nini, ndani ya nini, na kiishi wapi. Walitaka ukinzani, wakaupata kwa ndugu mwitu wa muhogo, mpira wa Ceará, ambao ulikuwa umeshaletwa kwa ajili ya utomvu. Wakachavusha. Watoto wa kwanza walikuwa na ukinzani lakini mizizi yao haifai chakula, kwa hiyo wakawarudisha kwa muhogo tena na tena mpaka mizizi ikarudi. Kazi ile iliendelea hadi 1957. Kuna muhogo unaitwa Kaleso pwani ya Kenya, ni uzao wa Amani nambari 46106/27, na mpaka leo watafiti wa michirizi kahawia wanaurudia. Sayansi ya kuingiza jeni ngeni mahali pake ilishafanyika hapa kijijini kwetu kabla babu zenu hawajaoa. Msituambie si ya kwetu.

Mnataka mfano wa kuku? Chanjo ya mdondo ya I-2. Mbegu yake ilitoka Australia, na Tanzania tukaitengeneza wenyewe. Kwa nini hiyo na si nyingine? Kwa sababu inavumilia joto, na mfugaji hana friji. Inawekwa tone moja kwenye jicho la kuku, basi. Mtu alikaa akafikiria kuhusu bibi yangu kabla ya kuchagua. Jana nilimsaidia bibi kushika majogoo yake akiwawekea tone. Nikamweleza habari ya Mzee wa Kuku na sumaku. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mjukuu wangu, huyo mwenzio alijaribu kwanza kwa wachache?"

Nikanyamaza. Hatukujaribu. Tulimwaga kichupa chote kwenye jaribio kubwa.

Bibi yangu hajui siRNA, lakini hapandi mbegu ngeni shamba zima msimu wa kwanza. Kwa hiyo hiki hapa ninachokipigania, na anayebisha anibishie kwa hoja:

Kabla senti haijatoka, andika ukurasa mmoja: mzigo, seli, makazi. Tafuta mtu aliyetumia seli kama zako, si aliyepiga picha nzuri. Ukishindwa kumpata, omba sampuli ndogo, au anza na kitendanishi kilichopo maabara na ukiongezee chembe za sumaku zile za kuchanganya. Ukipata kichupa, kigawe kwanza kwa akili: sahani moja ya majaribio, uwiano wa chembe kwa mzigo wa nusu, moja na mbili. Na usithubutu kuanza bila visima vya kulinganisha: seli tupu, mzigo peke yake, chembe peke yake bila mzigo, kila kitu bila sumaku, kila kitu pamoja na sumaku. Kwa siRNA ongeza ile isiyolenga jeni yoyote. Bila kisima cha "bila sumaku" hujui kama sumaku imekusaidia au imekupendeza tu. Bila kisima cha "chembe peke yake" hujui kama zinaua. Na ukipima kwa mwanga, kumbuka chembe ni za rangi ya kahawia, zinaweza kumeza mwanga wako zikakudanganya.

Najua mtaniambia visima vyote hivyo ni gharama. Kweli. Lakini sisi tulivikwepa kubana matumizi, na tumepoteza kichupa, michango ya watu, na mwaka wa mtu. Maskini ndiye asiyeweza kumudu kubahatisha. Tajiri akikosea anaagiza kingine wiki ijayo. Sisi tukikosea, mtu anarudi kwao.

Akili za kuambiwa, changanya na zako. Mzee wa Kuku aliambiwa, na aliyemwambia ni mimi. Nikirudi chuo nimemwahidi tutakaa wote tuandike huo ukurasa mmoja. Seli zake bado ziko kwenye naitrojeni ya maji, hazijafa, na swali lake bado ni zuri. Mchango wangu wa bumu lijalo tayari una jina lake. Atakayetaka kuongeza anitafute, ila safari hii hatununui kitu mpaka ukurasa ujae.

Ukungu umekuwa mzito, sioni hata vitufe, na bibi anaita nikafunge banda.

Naomba kutoa hoja.